Kijiti cha Bi Zamzam

Ghorofa ya pili, Luthuli, kibanda namba kumi na tisa,
upana wake ni mikono yangu miwili nikiinyoosha.
Chini spika zinapimana nguvu tangu asubuhi.
Bi Zamzam amepanda ngazi zote na tarakilishi ya mjukuu,
ameifunika kwa kawa ya ukindu, nyekundu na zambarau,
kama sinia la wageni.

"Kemunto, runinga yetu iliungua
siku umeme uliporudi kwa hasira.
Sadala kanunua hiki hapo chini,
wakamwapia kinashika chaneli zote.
Hakishiki hata moja."

Kijiti, urefu wa kidole cha shahada,
na waya wa antena mwembamba kama mkia wa panya.
Nikakichomeka.
Mfumo ukaandika, herufi nyeupe juu ya weusi:
kifaa kipya kimeonekana.
Mtengenezaji: tarakimu nne. Aina: tarakimu nne.
Halafu kimya.
Hakuna kiendeshi kilichojitokeza kusema, huyu ni wangu.

Mashine ina orodha, bibi. Kila kiendeshi na orodha yake:
namba hizi nazijua, hizi nazihudumia.
Kijiti chako kina kila walicho nacho ndugu zake,
chipu ileile, fuwele ileile ya kuhesabu mapigo,
nimekifungua, nimekikagua kwa lenzi.
Kiwanda kilibadilisha namba tu,
orodha haikuambiwa.

"Kwa hiyo kipo."
Kipo.
"Na mashine inakiona."
Inakiona.
"Lakini hakijulikani."

Akacheka, kicheko kifupi cha puani,
akaketi juu ya kreti ya soda.
Sadala kazaliwa Makina. Baba yake, Makina. Babu yake, Makina.
Mwaka wa nne huu anasimamishwa mbele ya meza ya kipande:
lete cheti cha babu, lete cha babu wa babu,
taja chifu wa enzi zile, rudi Jumanne.
Alama za vidole wamechukua mara tatu.
"Vidole wanavyo," alisema. "Kijana ndiye hawana."

Mimi nilikuwa nikiandika. Samahani, bibi, nasikiliza.
Nilikuwa nimefungua faili la kiendeshi,
kazi ya mtu nisiyemjua, jina lake juu kabisa,
na chini, mstari kwa mstari, namba za vijiti alivyopata kuvijua.
Baada ya wa mwisho nikaongeza wetu.
Mabano, namba mbili, mkato.
Nikaiamuru mashine ijenge upya sehemu ile.
Feni ikalia. Taa ikapepesa,
nikashika roho,
ikatulia.

Nikachomoa. Nikachomeka.
Antena nikaitoa dirishani iangalie Limuru,
juu ya bango la fundi saa na mavi ya njiwa.
Asilimia arobaini. Thelathini na nane. Hamsini na mbili.
Miraba ya rangi, jicho huku, mdomo kule,
kisha mtangazaji mzima na tai yake
akisoma bei ya unga.

Bi Zamzam hakumtazama mtangazaji.
Alitazama kidole changu, bado kiko juu ya kibodi.
"Umeongeza nini?"
Mstari mmoja.
"Mmoja?"
Mmoja, bibi.

Alinilipa mia tatu, nikamrudishia mia, akakataa.
Akaifunika tarakilishi, akakaza kingo za kawa.
Mlangoni akageuka.
"Na lile faili lingine," akauliza,
"hulifungua nani?"

Nikamshikia tochi ya simu.
Ngazi za hapa hazina taa.